Sura ya Saba: Mtandao Ukikatika Mkata

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Siku hiyohiyo Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi katika ukanda wetu. Nape Nnauye, aliyekuwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari, alitoa taarifa kueleza hitilafu ilipotokea. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga huduma zake za kawaida kwa siku mbili, Mei 14 na 15, kwa kuwa mtandao haukuwa wa kutegemewa.

Kutoka Durban hadi Mkata, wilayani Handeni, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 2,500. Mkata hakuna bahari. Kuna barabara kuu ya Chalinze–Segera, kuna mabasi ya Arusha, Moshi na Tanga yanayopita usiku na mchana, na kuna njia panda ya kwenda Handeni mjini, kilomita 54 za lami, ambayo mbele yake hutokea Korogwe. Hata hivyo simu ya Mkata ilikwama sawa na ya Kariakoo, kwa sababu zote mbili hutokea nje ya nchi kwa njia zilezile za baharini.

Kuzuia mtandao usikatike kabisa ni kazi ya makampuni, Serikali na mabaharia. Kilicho mikononi mwa mwenye nyumba ni kuhakikisha kuwa siku ukikatika, nyumba haisimami. Ukichunguza familia iliyoteseka siku kama ile ya Mei, utakuta tatizo lake lilianza kabla ya kebo kukatika: pesa zote, namba zote za watu, masomo yote na kazi zote zilipitia simu moja, laini moja na bando moja. Kanuni ya sura hii ni moja tu: kila hitaji kubwa la nyumba liwe na njia mbili, na ya pili isitegemee intaneti.

Watu wa Handeni hawahitaji kufundishwa tabia hii upya. Wilaya hii imeishi na shida ya maji kwa vizazi. Mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), uliojengwa miaka ya 1970 kuvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, haukuimaliza shida hiyo, na nyumba zikaendelea kukinga mvua kwenye mabati, kujaza mapipa na simtanki, na kujua ni kisima kipi bado kina maji mwezi wa tisa. Mama wa Handeni hangoji bomba likauke ndipo atafute ndoo. Intaneti nayo inataka pipa lake.

Kutoka baharini hadi sebuleni

Ili ujue cha kufanya mtandao ukikatika, ni vizuri kujua unafikaje nyumbani kwako. Safari yake ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni baharini. Kabla ya 2009 Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti kutoka nje, na intaneti ilikuwa ghali na ya kuvuta. SEACOM ilianza kazi Dar es Salaam Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Bei zikashuka, kasi ikapanda, na nchi nzima ikaegemea kebo hizo. Udhaifu wake ulionekana 2024. Mwezi Februari mwaka huo SEACOM ilikuwa tayari imeharibika upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu. Ilipokatika tena upande wa kusini mwezi Mei, pamoja na EASSy, njia mbili kubwa zikawa zimefungwa kwa wakati mmoja.

Hatua ya pili ni nchi kavu. Kutoka Dar es Salaam, mawasiliano husafiri kwa faiba: Mkongo wa Taifa unaosimamiwa na TTCL, pamoja na faiba za makampuni binafsi. Sehemu moja ya faiba hizo imefukiwa kando ya barabara kuu, nyingine hupita juu, kwenye nyaya kubwa za umeme za TANESCO. Ndiyo maana kijiko kinachochimba mtaro wa barabara, au mvua za masika zinazomega ukingo wa lami, huweza kuwanyima mtandao watu walio mbali kabisa na hapo.

Hatua ya tatu ni mnara. Mnara una umeme wa TANESCO, betri na, mara nyingi, jenereta. Umeme ukikatika betri hushika. Umeme ukikaa muda mrefu na mafuta ya jenereta yakichelewa, mnara huzima.

Hatua ya nne ni nyumba yenyewe: rauta, umeme wa soketi, bando, simu. Kwa nyumba nyingi za Mkata hatua hii ni fupi sana, kwani intaneti ya nyumbani ni simu ya mtu mmoja aliyewasha hotispoti, na wengine wanne wanamtegemea. Huyo akipanda basi kwenda Segera, anaondoka na mtandao wa nyumba nzima.

Kila hatua ina muda wake wa kupona. Bando likiisha, ni dakika chache. Mnara ukizima, ni saa kadhaa. Faiba ya barabarani ikikatwa, mafundi wakishalipata eneo, ni saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Kebo ya baharini huweza kuchukua siku nyingi au wiki. Meli za kutengeneza kebo ni chache. Inayojulikana zaidi katika pwani zetu, Léon Thévenin, makao yake ni Cape Town. Lazima ipakie vipuri, isafiri hadi mahali palipokatika, ivue ncha za kebo kutoka sakafu ya bahari, iziinue hadi juu ya meli, kisha mafundi waunge nyuzi za kioo zenye unene wa unywele, moja baada ya nyingine, huku wakiomba bahari itulie. Visiwani Tonga, mlipuko wa volkano wa 15 Januari 2022 ulipokata kebo yao pekee ya kimataifa, nchi ile ilingoja wiki tano hadi kebo iungwe.

Pamekatika wapi?

Mtandao ukisita, wengi huanza kuzima na kuwasha simu, kisha kulaumu kampuni, kisha kununua bando jingine. Bando jipya juu ya mtandao uliokufa ni pesa iliyotupwa. Jipe dakika tano ujue kwanza pamekatika wapi.

Anza ndani. Kama una faiba, itazame ile rauta ndogo iliyo ukutani. Kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu au kumetameta nyekundu, maana yake mwanga wa faiba haufiki nyumbani kwako: waya umekatika, umepindwa mno, au tatizo liko mbele zaidi. Kuizima na kuiwasha mara kumi hakutaleta mwanga. Piga simu kwa kampuni uwaambie moja kwa moja kwamba taa ya LOS ni nyekundu, fundi atakuelewa mara moja. Ikiwa LOS imezima na taa nyingine zote ziko sawa lakini hakuna kinachofunguka, tatizo liko ama kwenye malipo yako, ama huko mbali.

Kama unatumia laini ya simu, angalia salio la bando kwanza. Kisha fanya majaribio manne kwa mpangilio huu. Piga simu ya kawaida. Fungua menyu ya pesa kwa kubonyeza namba, bila kutumia programu. Fungua tovuti iliyo ndani ya nchi, kisha ya nje. Mwisho, muulize jirani mwenye laini ya kampuni nyingine.

Majibu yanasomeka hivi. Simu haipigi na minara juu ya skrini haionekani kabisa: mnara umezima. Simu inapiga, menyu ya pesa inafunguka, lakini intaneti hakuna: tatizo liko kwenye data ya kampuni yako au mbele yake. Tovuti za ndani zinafunguka lakini za nje zinagoma: hiyo ni dalili ya bahari. Tanzania ina vituo vya ndani vya kubadilishana mawasiliano, kikiwemo cha Dar es Salaam na cha Arusha, na kilichohifadhiwa nchini kinaweza kukufikia bila kuvuka bahari. Jirani wa kampuni nyingine anaperuzi vizuri na wewe umekwama: hapo dawa ni laini ya pili.

Laini ya pili yenyewe ina ujanja wake. Makampuni mengi hukodi nafasi kwenye minara ileile, kwa hiyo laini mbili zinaweza kufa pamoja kama mnara mmoja ndio unaozihudumia zote. Usichague kwa matangazo. Siku umeme ukikatika kwa saa nne au tano, simama uani na simu za nyumbani, ujaribu Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL kwa yeyote aliye nazo. Laini inayobaki hai saa ya tano ndiyo laini ya akiba kwa nyumba yako. Ya jirani aliye upande wa pili wa barabara inaweza kuwa nyingine.

Pesa

Hapa ndipo wengi huumia zaidi, na hapa ndipo kuna nafuu kubwa kuliko wanavyodhani. Programu ya pesa kwenye simu janja hutumia data. Menyu ya kubonyeza namba, kama *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money, *150*01# ya Mixx by Yas au *150*88# ya HaloPesa, haipiti kwenye data. Hutumia njia ya ishara ambayo simu na mnara huzungumzia, ileile inayowezesha simu kupigwa. Benki nazo zina menyu zake: NMB ni *150*66#, CRDB ni *150*03#. Kwa hiyo kebo za baharini zikikatika, mtu mwenye kiswaswadu anaweza kulipa wakati mwenye simu ya milioni moja anatazama duara likizunguka.

Lakini watoto wengi wa siku hizi hawajawahi kupita kwenye menyu ile. Wafundishe. Kijana wa kidato cha pili ajue kutuma, kulipa na kuangalia salio kwa kubonyeza namba, bila picha wala vitufe vya rangi.

Menyu ya kubonyeza namba nayo hushindwa pale mfumo wenyewe ukiwa chini. Mei 2021 mfumo wa kuuza umeme wa LUKU ulipata hitilafu. Simu zilikuwa nzima, minara ilikuwa mizima, pesa zilikuwepo, lakini uniti hazikununulika, na watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Somo lake ni rahisi: usinunue umeme siku mita inapoanza kulia. Nunua mapema, kabla ya katikati ya mwezi kama unaweza, na ziingize zile tarakimu 20 kwenye mita siku hiyohiyo, usiziache zikae kwenye ujumbe wa simu.

Halafu kuna wakala. Fika kibandani saa kumi na mbili jioni mtandao ukiwa unasumbua, usikie mazungumzo yenyewe:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee elfu thelathini."

"Mtandao unasumbua, baba. Muamala unakaa tu, haurudishi ujumbe."

"Hebu rudia tena."

"Nikirudia utakatwa mara mbili. Subiri ujumbe kwanza, au njoo asubuhi."

Huyo wakala ni mtu mwema, na ushauri wake ni wa kushika. Muamala ukikwama, usirudie. Angalia salio kwanza. Subiri ujumbe. Ukiona pesa imekatwa na haikufika, andika saa, kiasi na namba ya muamala kama ipo, kisha piga simu huduma kwa wateja. Wanaopoteza pesa wakati mtandao unasuasua ni wale waliobonyeza mara tatu kwa hasira.

Na mtandao ukirudi, matapeli hurudi nao. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hunoga zaidi siku ambayo watu wana miamala iliyokwama na hawajui nani anadai nini. Usijibu. Upeleke kwenye namba 15040, iliyotengwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Njia ya pili ya pesa ni noti. Weka nyumbani taslimu ya kutosha siku tatu za matumizi ya lazima: unga, mafuta ya kupikia, dawa za mgonjwa wa nyumbani, na nauli ya kufika Handeni au Korogwe na kurudi. Ziwe noti ndogo. Siku mtandao uko chini, muuza machungwa wa barabarani hana chenji ya elfu kumi, na hawezi kukurudishia kwa simu.

Umeme

Mara nyingi kinachoitwa kukatika kwa mtandao ni kukatika kwa umeme. Faiba iko hai, mnara uko hai, lakini rauta imezima kwa sababu soketi haina kitu.

Rauta ya kawaida hula umeme kidogo, karibu wati 10. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 7, aina ile inayotumika kwenye mitambo ya kengele za ulinzi, ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni saa nane; kwa uhalisia tegemea nne au tano, kwa sababu betri ya asidi ukiimaliza kabisa hufa mapema. Kabla hujaunga chochote, soma maandishi yaliyo kwenye adapta ya rauta. Kuna za volti 12, kuna za volti 9. Ukikosea volti, au ukigeuza chanya na hasi, umeua rauta. Kama si mzoefu, mpe fundi wa sola. Vijana hao wapo kila kijiji.

Kwa simu, hesabu ni kama hiyo. Pawabanki iliyoandikwa 20,000 inajaza simu ya betri ya 5,000 karibu mara tatu, wala si nne, kwa sababu umeme mwingine hupotea njiani. Ukiwa na sola ndogo ya taa yenye tundu la kuchajia, hiyo inatosha kuweka hai kiswaswadu cha nyumbani kwa wiki nzima. Na kiswaswadu hicho kisidharauliwe. Chaji yake hukaa siku kadhaa, hushika ishara hafifu, na hufungua menyu ya pesa kama simu yoyote.

Shule na kazi

Mwanafunzi wa Mkata anayemaliza kidato cha sita hukutana na mtandao katika saa mbaya kuliko zote: siku ya mwisho. Maombi ya mkopo wa HESLB, maombi ya vyuo, maombi ya kazi kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, yote yana tarehe ya kufunga, na siku hiyo nchi nzima hujazana mlangoni. Mfumo huweza kulemewa hata kama kebo zote ni nzima.

Panga tarehe yako ya mwisho siku saba kabla ya ile iliyotangazwa. Vyeti, picha na kitambulisho vitolewe nakala mapema, vihifadhiwe kwenye simu na kwenye flashi, na karatasi zenyewe ziwe kwenye bahasha moja. Barua na maelezo yaandikwe nje ya mfumo kwanza, kwenye simu au daftari, ndipo yabandikwe. Anayeandika moja kwa moja kwenye fomu ya mtandaoni hupoteza ukurasa mzima mtandao ukisita kwa sekunde kumi.

Kuna jambo jingine dogo lenye faida. Malipo mengi ya Serikali hufanywa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo. Kupata namba hiyo kunahitaji intaneti. Kuilipia hakuhitaji; menyu ya simu inatosha. Kwa hiyo mtandao ukiwa mzuri, chukua namba, iandike kwenye karatasi, kisha malipo yatafanyika hata mtandao ukiwa umelala.

Kwa masomo ya kila siku, weka akiba ndani ya simu. Programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, huhifadhi Wikipedia ya Kiswahili yenye makala zaidi ya 80,000, na ukishaipakua mtoto anaisoma bila bando. Ramani za Google huruhusu kupakua eneo zima. Pakua Handeni, Korogwe, Muheza na Tanga mara moja, dereva wa bodaboda asipotee usiku. Picha za mitihani iliyopita, video za hisabati, kamusi, vyote vishushwe ukiwa na bando la usiku, vihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, na vigawanywe kwa simu za ndugu kwa Bluetooth. Simu kumi zenye masomo yaleyale ni maktaba ya mtaa.

Mwenye duka la stesheneri naye ana la kufanya. Wateja wake hawaji kununua intaneti, wanakuja kupata fomu iliyochapwa. Fomu zinazoombwa kila wiki ziwe tayari zimepakuliwa. Siku mtandao uko chini ataendelea kuchapa, kutoa nakala na kujaza kwa mkono.

Habari na watu

Muulize mtu namba ya simu ya mama yake, aitaje kwa kichwa. Wengi wetu hatuwezi tena. Namba zote ziko kwenye simu, na wengine hupigana kwa WhatsApp tu. Chukua karatasi ngumu, andika namba za watu kumi na watano: wazazi, ndugu wa Dar es Salaam, mwalimu wa darasa, mwenyekiti wa kijiji, zahanati, dereva wa kuaminika, wakala, fundi umeme. Chini yake andika 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto. Ibandike nyuma ya mlango. Kisha mkubaliane na walio mbali: WhatsApp isipopita, tutatumiana ujumbe mfupi, na saa mbili usiku kila mmoja atakuwa amewasha simu.

Vocha ya kawaida nayo isisahaulike. Wapo wenye gigabaiti za kumwaga na hawana hata shilingi ya kutuma ujumbe mmoja. Kila laini ya nyumbani iwe na salio dogo au bando la dakika na ujumbe, mwaka mzima.

Kwa habari, njia ya pili ni redio. TBC Taifa na vituo vya mkoa wa Tanga haviulizi kama una bando. Redio ya betri, au simu yenye redio ndani na waya wa kusikilizia, ni kifaa cha lazima na si kumbukumbu ya zamani.

Umuhimu wake ulionekana katika kukatika kwa aina nyingine. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, ikaanza kurejea Novemba 3. Si sisi wa kwanza katika ukanda huu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima tangu 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa takriban wiki tatu. Uganda ilizima Januari 2021. Katika kuzimwa kwa namna hiyo hakuna kebo ya kuunga wala mnara wa kujaza mafuta, na VPN haisaidii kitu, kwa sababu VPN hupita juu ya intaneti, na hapo intaneti yenyewe haipo. Laini ya pili haisaidii pia, kwani zote huzimwa pamoja. Kinachobaki ni vile ulivyoviweka kabla: taslimu, uniti za umeme, karatasi ya namba, redio, chakula cha siku kadhaa, na majirani mnaoaminiana.

Siku kama hizo ndizo uvumi hustawi. Dereva wa lori atasema alichosikia Chalinze, konda wa basi atasema alichosikia Moshi, na hadi jioni habari mbili zitakuwa zimezaa ya tatu. Mwenye nyumba mwenye busara huuliza swali moja: uliona, au uliambiwa? Asiyeona asibebe habari hiyo kuipeleka nyumba ya pili.

Jaribuni Jumamosi hii

Orodha ya vifaa ni rahisi kusoma na rahisi kusahau. Njia ya kujua kama nyumba yako iko tayari ni kuijaribu. Chagueni Jumamosi moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, mzime data kwenye simu zote na kuchomoa rauta. Hakuna WhatsApp, hakuna programu ya benki. Endesheni siku kama kawaida: nendeni sokoni, lipieni kitu kwa menyu ya namba, mtoto afanye kazi ya shule, mpigieni bibi wa Korogwe kwa namba iliyo kwenye karatasi, sikilizeni taarifa ya habari ya redio.

Kila kinachokwama kiandikwe. Nyumba moja itagundua kwamba ni baba peke yake anayejua namba ya siri ya akaunti ya matumizi. Nyingine itagundua kuwa dawa za bibi huagizwa kwa WhatsApp na hakuna aliye na namba ya duka. Nyingine itakuta kiswaswadu kipo, lakini laini yake ilifungwa kwa kutotumika. Matatizo hayo yote yana tiba ya bei ndogo, na yote ni mabaya sana yakigunduliwa siku yenyewe.

Anza na matatu ambayo hayagharimu karibu chochote: karatasi ya namba nyuma ya mlango, taslimu ya siku tatu katika noti ndogo, na kila mtu wa nyumbani kujua menyu ya pesa kwa kubonyeza namba. Laini ya pili, pawabanki na betri ya rauta zifuate kadiri mfuko unavyoruhusu. Akiba haiozi, na kebo za baharini zitakatika tena. Fanya haya matatu kabla ya mvua za vuli.